Msizibe Paa Msiloweza Kulifungua

Wanangu, nimeyasikia mazungumzo yenu juu ya lile povu. Wengine mmeliona kwenye simu: mtu kavaa ovaroli jeupe, kashika bunduki yenye mpira mrefu, anapuliza chini ya mabati kitu cha majimaji, na papo hapo kinaumuka kama unga wa maandazi na kujaza nafasi yote kati ya papi na papi. Wengine mmefanya kazi Juba, mkalala kwenye vile vibanda vya paneli zenye povu katikati, mkaonja tofauti. Na wapo wenye ndugu Dubai au Maskati wanaowatumia picha na kuwauliza mnangoja nini. Sasa kila anayeezeka, awe Oli hapa Arua au kule Koboko njia ya kwenda Oraba, ananijia na swali moja: Mzee, tupulize au tusipulize?

Sitaanza kwa kulitukana. Povu lenyewe linafanya kazi, na anayesema halifanyi hajui anachokisema. Jamii hiyo ya plastiki, poliyurithani, ilibuniwa na Mjerumani Otto Bayer na wenzake mwaka 1937 kule Leverkusen. Hata godoro mnalolalia ni la ukoo huo huo, ila la godoro ni laini na vitundu vyake viko wazi, ilhali povu gumu la paa lina vichumba vidogo visivyohesabika, kila kimoja kimefungia gesi isiyopitisha joto kwa urahisi. Ndiyo maana sentimita 5 za povu hilo huzuia joto zaidi kuliko ukuta wa matofali ya kuchoma wenye unene wa mita nzima.

Lakini ngojeni niwape hesabu nyingine ambayo kwenye simu haimo. Nyasi kavu zilizofungwa vizuri, unene wa sentimita 20 hivi, huzuia joto karibu sawa na hizo sentimita 5 za povu. Bibi zenu walilala chini ya kizuia joto ambacho leo Mzungu anakipima kwa mashine, na malipo yake yalikuwa pombe ya kwete na chakula cha majirani waliokuja kuezeka.

Simwambii mtu arudi kwenye nyasi. Wanaozililia nyasi mara nyingi ni watu wasiowahi kuamka usiku wakakuta panya anatembea juu ya chandarua, au kuona moto wa msimu wa kiangazi ukiruka kutoka boma hadi boma. Kwenye nyanda za juu za mpaka wa Kongo, upande wa Zombo na kusini mwa Arua, tauni bado haijaisha, na panya anayebeba viroboto vya tauni anapenda sana kujificha kwenye paa la nyasi. Zaidi ya hapo, nyasi zenyewe ziko wapi? Tumelima, tumechoma mkaa, tumekausha tumbaku kwa kuni miaka na miaka, tumepokea wageni wengi kutoka Sudan Kusini na Kongo ambao nao walihitaji kuezeka. Anayetaka nyasi nzuri leo anazifuata mbali na kuzinunua kwa fedha.

Bati kwetu lina heshima yake pia, na nyinyi mliozaliwa juzi hamuwezi kuijua. Vita vya mwaka 1980 vilipotufukuza, watu wa Arua na Koboko wakakimbilia Zaire na Sudan, na waliporudi miaka ya baadaye wengi walikuta kuta tupu. Bati ndilo kitu cha kwanza mwizi wa vita anachobeba, na ndilo kitu cha kwanza mkimbizi aliyerudi alichonunua. Kwa hiyo sishangai mtu akiipenda nyumba yake ya mabati hata inapomchoma. Ninachowaonya ni kukimbilia dawa ya gharama kubwa kabla hujajua unaumwa nini.

Tuanze na joto lenyewe. Bati la geji 32 lisilo na kitu chini yake, saa saba mchana mwezi wa Februari, hufika nyuzi 60 na zaidi. Hewa moto hupanda, haishuki, kwa hiyo mnaopasuka vichwa mkiwa mmekaa kitini hamsumbuliwi sana na hewa. Bati linawapigeni mionzi kutoka juu, na mionzi haijali kama dirisha liko wazi. Sisi tuko nyuzi 3 hivi kaskazini mwa ikweta. Mwaka mzima jua la mchana linapita karibu juu ya utosi. Adui wa kwanza ni paa, wa pili ni ukuta wa magharibi unaopigwa na jua la alasiri na kulirudisha ndani saa za kulala. Ukuta wa kaskazini na wa kusini hauna ugomvi na mtu.

Halafu kuna neema ambayo mnaisahau. Arua iko juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari. Usiku hewa inapoa. Waulizeni watu wa Pakwach, kule chini kandokando ya Nile, kama wanaipata baridi hiyo. Nyumba yenye akili hapa kwetu ni ile inayozuia jua mchana na kufungua milango yake yote kwa hewa ya usiku.

Kule Ghuba hali ni nyingine. Nyumba imefungwa, kiyoyozi kinaunguruma mchana na usiku, na kizuia joto kinampunguzia mwenye nyumba bili ya umeme. Yaani kazi ya povu kule ni kulinda baridi iliyonunuliwa. Wewe wa Oli unanunua baridi gani? Miaka mingi mkoa huu wa West Nile uliishi kwa jenereta na mtambo mdogo wa maji wa Nyagak kule Zombo, megawati 3.5 tu, na gridi ya taifa ilitufikia mwaka 2024. Wenye kiyoyozi kati yenu nawahesabu kwa vidole. Najua mtaniambia kwamba hata bila kiyoyozi povu litapunguza mionzi ya bati. Ni kweli. Lakini silingi ya kawaida iliyoachiwa nafasi ya hewa juu yake inapunguza sehemu kubwa ya mionzi hiyo hiyo, na silingi ina sifa ambayo povu halina: unaweza kuibandua.

Hapa ndipo ninapowataka mnisikilize vizuri.

Nchi hii ni ya mchwa. Mvua zikianza tunakusanya kumbikumbi na kuwakaanga, na ndugu zao waliobaki chini wanalipiza kisasi kwenye kenchi zetu. Fundi yeyote wa hapa anajua kazi ya mchwa: unapanda juu ya ukuta, unatazama, unaona njia ya udongo imepanda kutoka msingi hadi kwenye boriti, unaikwangua, unapaka dawa, na ule ubao uliokwisha kuliwa unautoa na kuweka mwingine. Hiyo ndiyo bima ya paa la mtu wa kawaida, kwamba analiona. Povu halilishi mchwa, lakini halimzuii pia. Anatoboa ndani yake, anapita gizani, anafika kwenye mbao bila mtu kujua. Majimbo ya kusini mwa Marekani yenye mchwa wengi yamelazimika kuweka masharti juu ya povu linalogusana na udongo kwa sababu hiyo hiyo. Huko wana wakaguzi wenye vyeti na vifaa. Wewe una macho yako, na umeyafunika.

Na maji ni hivyo hivyo. Bati letu linavuja kwenye matundu ya misumari. Mpira wa msumari unakauka, bati linatanuka mchana na kusinyaa usiku, tundu linapanuka. Kwenye paa la wazi unaona doa, unapanda, unaziba. Chini ya povu maji yanapita pembeni, yanakaa juu ya mbao, na siku utakayoona doa sebuleni kenchi imekwisha kuoza. Uingereza wamelijua hili kwa uchungu. Wazee wengi kule walishawishiwa kupuliziwa povu kwenye mapaa yao, na walipotaka kuuza nyumba wakakuta taasisi nyingi za mikopo ya nyumba zinakataa kumkopesha mnunuzi, kwa kuwa mkaguzi haoni hali ya mbao. Kulitoa povu ni kulikwangua kipande kwa kipande, na likishika bati bati haliponi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni akishaingia hatoki, na mwenyeji analipa mara mbili.

Kuna na hewa. Povu linaziba kila ufa. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa kwa watu wa nchi za baridi. Nyumba zetu zinapumua kwa nyufa hizo hizo. Mvua kubwa ya Agosti ikipiga, mama anaingiza sigiri ndani, na mkaa unaowaka unatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo imeua familia nzima katika Uganda hii, watu walioota moto chumbani wakalala wasiamke. Mnao pia wenzenu wenye maduka wanaowasha jenereta kwenye ua, moshi ukiingia kwa mlango wa nyuma. Ukiongeza kwamba West Nile imo ndani ya ule ukanda wa homa ya uti wa mgongo, ugonjwa unaopenda miezi ya kiangazi na vyumba vilivyojaa watu bila hewa, utaona kwa nini sipendi kabisa mtu anayekuja kuziba nyufa za vyumba vya kupanga, vile ambamo watu sita wanalala mahali pa wawili.

Moto nimeuacha hadi sasa kwa makusudi, kwa sababu mkianza nao wauzaji wanawajibu haraka: povu letu lina dawa ya kuzuia moto. Dawa hiyo ipo, na inachelewesha. Haibadilishi asili ya kitu. Tarehe 20 Februari 2003, katika ukumbi wa muziki uitwao The Station, jimbo la Rhode Island nchini Marekani, fataki za jukwaani zilishika povu lililobandikwa ukutani kuzuia sauti. Ndani ya dakika chache jengo lote lilikuwa moto, na watu 100 wakafa. Miaka 10 baadaye, Januari 2013, klabu ya Kiss kule Santa Maria, Brazil, ikaungua kwa namna ile ile, wakafa 242. Mapovu yale yalikuwa laini na ya kazi nyingine, nakubali. Lakini Juni 2017 likaungua jengo la Grenfell mjini London, watu 72 wakapoteza maisha. Pale chanzo kikuu cha kuenea kwa moto kilikuwa plastiki ya ndani ya paneli za nje, na nyuma yake kulikuwa na ubao mgumu wa povu, jamii ya karibu kabisa na hili la paa, nalo likawaka na kutoa moshi wenye sianidi. Moshi humkuta mtu kabla ya ndimi za moto.

Wamarekani wenyewe, wenye povu lao, wanataka lile la ndani ya nyumba lifunikwe kwa ubao wa jipsamu wa milimita 12 hivi ili watu wapate muda wa kukimbia. Mmeona hiyo jipsamu kwenye simu? Video huisha pale povu linapopendeza. Fundi wa hapa atawapulizia, atachukua pesa yake, ataacha povu wazi juu ya vichwa vya watoto wanaosomea tadooba, na nyaya za umeme zilizounganishwa kwa plasta zikipita ndani yake. Na wenye shule za bweni wanisikie mara mbili. Nchi hii bado inaukumbuka moto wa bweni la shule ya Budo wa mwaka 2008. Bweni lina magodoro ya povu chini. Msiliongezee povu juu.

Sasa nawageukia vijana wa kazi, nyinyi mnaotaka kununua ile mashine na kuifanya biashara. Najua tofali halilipi na kwamba mtu akija na kitu kipya anaitwa bosi. Basi jueni mnachoshika. Povu hilo ni mapipa mawili yanayokutana mdomoni mwa bunduki. Pipa moja lina isosayaneti, na isosayaneti ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya pumu ya kazini duniani. Mwili ukishaizoea vibaya, basi; kiasi kidogo tu baadaye kinaweza kukubana kifua mpaka ukapelekwa hospitali, na hakuna dawa ya kukurudisha ulivyokuwa. Anayepuliza kihalali huvaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje, glavu, ovaroli lisilopitisha kitu, na wenye nyumba hukaa nje kwa siku nzima au zaidi. Nawajua nyinyi. Nimewaona mkichanganya saruji kwa mikono mitupu na kupiga rangi ya mafuta mkiwa mmejifunga kitambaa puani. Kitambaa hakizuii isosayaneti hata kidogo.

Kuna na ufundi wake. Mapipa yanatakiwa kutunzwa kwenye joto la wastani, si juu ya lori linalopigwa jua kutoka Kampala kupitia Karuma na Pakwach. Mashine inataka umeme usioyumba, ili ichote kutoka kila pipa kiasi kilicho sawa na ipashe mipira joto. Uwiano ukikosewa, povu linasinyaa na kuachana na mbao, au linabaki linanuka ndani ya nyumba miaka, na hakuna anayeweza kulirudisha pipani. Ukipuliza nene kwa mpigo mmoja, joto la kemikali zenyewe linaweza kuliunguza kutoka ndani. Hiyo kazi inafundishwa darasani na kwenye jengo la mazoezi. Kujifunzia kwenye nyumba ya mjane wa Koboko aliyeuza ng'ombe ili ajenge ni dhambi.

Mtaniuliza: basi tufe na joto? Hapana. Fanyeni kwanza yale ambayo wazee waliojenga maduka ya zamani na nyumba za misheni waliyafanya wakiwa hawana hata feni. Tazameni majengo hayo kabla hayajabomolewa yote. Paa limepanda juu, upenu umetoka nje kiasi cha kuufunika ukuta kwa kivuli, baraza limezunguka, juu ya kila dirisha kuna matundu ya hewa. Ukipima kiwanja, laza nyumba ili urefu wake uelekee mashariki na magharibi, madirisha makubwa uyape kaskazini na kusini, na upande wa machweo weka stoo au choo kichomwe kwa niaba yako. Panda mwembe au mwarobaini upande huo. Unacheka, lakini mwembe ulioupanda mwaka unaochimba msingi utakuwa unafanya kazi kabla hujamaliza kupiga plasta, jinsi ninavyowajua kwa kujenga kidogo kidogo.

Paa nalo lipeni njia ya kutoa joto. Acheni tundu kila upande, kwenye ile pembe tatu ya ukuta chini ya kofia ya paa, ili hewa moto iliyo juu ya silingi itoke. Na kila tundu mlifunge kwa wavu wa mbu wa waya, wala msinipuuze hapa, kwa kuwa mbu wa malaria hupenda kuingia kwa juu, penye uwazi kati ya ukuta na paa. Mkoa huu una malaria ya kutosha. Na joto lenyewe linaisaidia malaria kwa mlango mwingine: mtoto akisikia joto anakipiga chandarua teke, mzazi naye analala nje ya chandarua, halafu wanashangaa.

Kisha rangi. Bati jipya linang'aa, na watu hudhani kung'aa kunatosha. Bati linalong'aa hurudisha jua kiasi, lakini joto lililokwisha kuingia halitoi kwa urahisi. Bati lililopakwa rangi nyeupe ya paa hufanya yote mawili, na tofauti utaisikia kwa kiganja. Asiyeweza kununua rangi apake chokaa, akijua mvua itaiosha na mwakani atarudia. Nyekundu na kijani cheusi mnavyovipenda vinapendeza kutoka barabarani tu. Na mwenye uwezo wa kuongeza fedha aache geji 32, achukue 28. Halimpunguzii joto, lakini halitachanika kwenye misumari baada ya misimu michache.

Mwisho ndiyo silingi: ubao, jipsamu, hata mikeka ya matete iliyosukwa kwa mkono na kuwekwa mbali na nyaya na taa. Zile za plastiki zinazotoka China zinapendeza, lakini nimekwisha kusema habari ya plastiki na moto. Acha mlango mdogo wa kupandia. Kila mara kabla ya mvua panda na tochi, uone mchwa wamefika wapi.

Kama baada ya haya yote bado unataka povu, basi kabla hujatoa shilingi mwulize huyo mpulizaji mambo haya mbele ya shahidi: nionyeshe barakoa yako ya hewa, nionyeshe tarehe ya mwisho kwenye mapipa, nani ataweka jipsamu, na iko ndani ya bei au nje, mbao zangu nitazikagua vipi, ukiharibu, atakayelibandua ni nani na kwa gharama ya nani. Uliza pia ofisi ya majengo ya manispaa au ya jiji kama inajua unachofanya, kwa kuwa Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013 haikutungwa kwa ajili ya Kampala peke yake. Wapulizaji wengi watakukimbia kwenye swali la kwanza.

Povu lina mahali pake. Kijana anayetaka kujenga chumba cha barafu cha kuhifadhi samaki wanaopanda kutoka Panyimur, au zahanati inayotaka chumba cha baridi cha chanjo chenye kuta za zege, kisicholalwa na mtu, chenye mashine ya baridi inayofanya kazi usiku na mchana: huyo apulize, tena nene. Akinialika nitakuja kumshikia ngazi, nikiwa nimesimama upande upepo unakotoka.